UZI: Malindi kwenda na kurudi kwa treni ya usiku, peke yangu, na shangazi hajui

MtotoWaShela (mwenye uzi)

Wadau, salaam aleikum na habari za saa hizi.

Naanza kwa kukiri. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, Shela hasa (si Shela ya Lamu, msije mkanichanganya). Nairobi nilikuja kikazi, mwaka wa kumi na moja huu. Jumamosi iliyopita nilishuka Malindi asubuhi, nikauzunguka mji hadi alasiri, nikaondoka bila kubisha hodi hata mlango mmoja wa jamaa zangu. Mwenye kutaka kunilaani alaani sasa, tumalize, tuendelee na safari.

Wenzangu wa pwani mnajua sababu. Ukishasema "nakuja", mambo yamekutoka mkononi. Nyumba saba, sahani saba, na kila nyumba unaambiwa umekonda. Saa tisa mchana umelala kwenye mkeka wa watu, tumbo juu, na hata bahari hujaiona. Mimi nimekulia pale, lakini hadi juzi ungeniuliza Gede, yale magofu ya mji wa kale, ndani iko vipi ningekujibu: kuna tumbili. Tulipelekwa na shule nikiwa darasa la tano, tumbili akanipokonya ndizi, na hilo ndilo lililobaki kichwani. Watu wanapanda ndege kutoka Roma kuja kutazama kwetu, mimi kwetu sikujui.

Kwa hiyo nikasema siku moja nitaenda kama mgeni. Peke yangu. Simu kimya.

Treni haifiki Malindi, hilo tulimalize kabla hamjaniuliza. Reli inaishia Mombasa, na stesheni yenyewe iko Miritini. Ujanja uko kwenye ile ya usiku: inatoka Nairobi saa nne usiku na kukushusha Miritini kabla ya saa kumi alfajiri. Ya kurudi nayo inaondoka Mombasa saa nne usiku. Katikati una saa kumi na nane za kwako. Nilikata daraja la kawaida kwa *639#, shilingi 1,500 (zilikuwa 1,000 hadi walipopandisha Januari 2024). Kitambulisho usisahau, na fika mapema, maana pale Syokimau mizigo inapangwa chini kwa mstari, mbwa wanapita kuinusa, halafu mashine, halafu mashine nyingine.

Viti ni vitatu upande huu, viwili upande ule, na mnatazamana. Mgongo wa kiti umesimama wima kama mtoto aliyeitwa kwa mwalimu mkuu. Mbele yangu alikaa mzee mmoja mwenye miguu mirefu, tukaelewana bila kusema: goti langu, goti lake, goti langu, goti lake, kama meno ya zipu. Taa hazizimwi usiku kucha. Na baridi ya ile AC! Leso niliyoibeba kwa ajili ya jua la Malindi ndiyo iliyoniokoa Mtito Andei.

Naendelea hapo chini, nachemsha chai.

BudaWaSouthB

Sasa Tsavo umepita gizani, tembo hujaona, simba hujaona. Hiyo ni SGR ama ni kulala kwa kiti? Si ungepanda basi la usiku likufikishe Malindi moja kwa moja?

MtotoWaShela

@BudaWaSouthB basi la usiku nimelipanda miaka, nalijua. Kila lori linalopishana nanyi unalisikia kooni. Treni ni saa tano na nusu hivi. Anayetaka tembo apande ile ya saa mbili asubuhi, inayosimama Voi na Mariakani, ila Malindi hatoiona siku hiyo.

Bi_Kaimati

Mwanangu, mie sijasoma hizo habari za viti. Nimesimama pale pa nyumba saba. Yaani umefika Malindi, umepita Shela, hukumsalimu shangazi yako?

MtotoWaShela

Bi Kaimati, shikamoo. Nilijua mtu wa kwanza kunishika atakuwa mtu mzima. Nisubiri nifike mwisho, hukumu iko njiani.

Basi. Miritini nje ya geti kuna matatu zinaita: Mtwapa, Kilifi, Malindi. Nikaingia ya Malindi, ikakaa mpaka ikajaa, tukaondoka karibu saa kumi na moja. Adhana ya alfajiri ilitukuta Mtwapa, na daraja la Kilifi tukalivuka kukiwa kunapambazuka, mkono wa bahari chini umetulia kama sinia la shaba. Mamangu husimulia kwamba kabla ya daraja hilo, lililofunguliwa 1991, mlikuwa mkishuka hapo kungoja kivuko, na watu walikula korosho mpaka wakaumwa na tumbo.

Sikufika Malindi moja kwa moja. Gede iko njiani, kilomita 15 na ushee kabla ya mji, kwa hiyo shuka hapo kwanza. Nilikuwa wa mapema mno. Kituoni palikuwa na mama anakaanga mahamri, mbaazi zake ziko kwenye sufuria limefunikwa kwa jani la mgomba. Nikala mawili, nikaongeza mawili. Nilijikuta nasema naye Kiswahili cha nyumbani, kile ambacho Nairobi nimekificha kabatini. Akaniuliza, "Watoka wapi?" Nikasema Nairobi. Akanitazama tu, akaniongezea mbaazi.

Kiingilio unalipa kwa simu kupitia eCitizen, ule mtandao wa serikali, hivyo usifike na chaji asilimia mbili.

Sasa wadau, nisikilizeni. Gede asubuhi, kabla mabasi ya shule hayajafika, ni kitu kingine. Msitu umeingia mjini na mji haukutoka. Mizizi imeshika ukuta kama vidole vya mtu anayeogopa kuanguka. Unatembea, unasikia majani juu yanachakarika, unadhani mtu, kumbe tumbili wanakufuata kwa uangalizi. (Safari hii sikubeba ndizi. Nimekua.) Kuna msikiti mkuu, kuna kasri, kuna kaburi lenye tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Nyumba hazina majina ya wenyewe maana wenyewe hawajulikani, zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sarafu ya Kichina. Hebu fikiria nyumba yako ije iitwe kwa kile ulichokisahau. Yangu itaitwa Nyumba ya Chaja.

Kilichonikamata ni kitu kidogo. Kwenye chumba kimoja, ukutani, kuna kidaka. Kishimo tu cha mraba ndani ya ukuta wa matumbawe, kimo cha kifua. Nyumba ya bibi yangu Shela ilikuwa na kidaka kimo kilekile. Ndani yake alikuwa akiweka msahafu, tochi, na kopo la mafuta ya nazi. Nilisimama pale nikaingiza mkono. Ndani kuna baridi, na chokaa imebaki laini kona ya juu mahali mvua haifiki. Mtu aliweka taa yake hapo kila jioni, akainyosha mikono bila kutazama, kama bibi. Sikulia, msianze. Lakini nilikaa.

Ukiwa na kundi hukai. Ukiwa na kundi mtu anasema "haya twendeni".

MchimbaMagofu

Uzi mzuri, dada. Niongeze kidogo kwa wasioijua Gede. Uchimbaji wa kweli aliuanza James Kirkman mwaka 1948, na kazi yake ndiyo iliyotoa zile shanga, sarafu na vyungu vya Kichina. Julai 2024 UNESCO wameiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Fumbo lake ni hili: Wareno walikaa Malindi karibu miaka mia, mwendo wa nusu siku kwa miguu, na maandishi yao hayaitaji Gede. Mji wenye kuta, msikiti, majumba ya mawe, na jirani haandiki hata mstari. Kuhusu watu walivyouhama, zinatajwa sababu kadhaa: wapiganaji wa Wazimba waliopita pwani 1589, mashambulizi ya Waoromo, visima kushuka maji. Mimi naiamini ya visima zaidi. Ukiangalia kile kisima karibu na msikiti utaona kilivyochimbwa kikaongezwa. Watu hawaongezi kina cha kisima kwa kujifurahisha.

Kadzo_wa_Marafa

Sisi Wagiriama tunajua Gede ina wenyewe mpaka leo. Wazee walikuwa hawaingii ovyo. Ukiingia, unaingia kwa adabu, na ukisikia mtu nyuma yako usigeuke. @MtotoWaShela uliposikia majani ulifanya vyema kutogeuka haraka 😄

MtotoWaShela

@Kadzo_wa_Marafa niligeuka. Mara tatu. Sasa wanambia!

Dk_Mbarika

Hukupita kwenye vipepeo? Hapohapo Gede upo mradi wa Kipepeo tangu 1993, wakulima wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga viwavi na kuuza pupa, vile vifuko ambamo kiwavi hugeuka kipepeo, ng'ambo. Msitu unabaki kwa sababu unalipa.

MtotoWaShela

Nilipita, lakini haraka, saa nne ilikuwa inanifukuza. Nakubali ni kosa. Pupa zinaonekana kama vito vya masikio.

Malindi nikaingia saa nne na nusu. Hapo kwenye stendi nikavaa miwani ya jua, nikajitanda leso mpaka nyusi, nikajiona jasusi. Nilianza Nyumba ya Nguzo, ile ghorofa ya zamani inayotazama bahari, kando ya soko la samaki, ambayo sasa ni makumbusho. Tiketi niliyokata hapo ikanifungulia pia kanisa la Wareno na nguzo ya Vasco da Gama. Ndani kulikuwa na habari za yule samaki wa kale, silakanti, aliyenaswa baharini kwetu 2001, kilo 77. Samaki ambaye dunia ilidhani alikwisha zamani za mijusi mikubwa, kumbe anaishi zake Malindi kimya kimya bila kumwambia mtu. Nilimwelewa sana.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nifungue uzi.

Mgeni yeyote akija Malindi, dereva wa tuktuk anampeleka wapi? Kwenye nguzo ya Vasco. Nikaenda. Koni nyeupe juu ya jabali lililoingia baharini, msalaba wa jiwe la Ureno kichwani, upepo unakuvua leso. Mandhari, sikatai, ni ya kupigia picha. Kulikuwa na kina kaka wawili wakanipokea kwa "Ciao bella, ciao!" Nikawajibu, "Ciao ya nini wewe, mamako hajambo?" Mmoja akaficha uso, mwingine akaniomba radhi na kuniamkia shikamoo ambayo sikuistahili kwa umri wangu.

Halafu nikarudi mjini kwa miguu hadi Msikiti wa Jumaa, karibu na tulikokuwa tukicheza kombolela. Pale kando ya msikiti kuna makaburi mawili ya nguzo, moja refu na moja fupi, ya mawe na chokaa, na lile refu lilisimama hata kabla meli ya Vasco haijaonekana. Hakuna tuktuk lililosimama. Hakuna anayeuza kofia. Ukutani mtu ameanika nguo ya mtoto. Nilipokuwa mdogo tulijificha nyuma ya hiyo nguzo refu, aliyekuwa zamu akihesabu hadi ishirini, na hakuna mtu mzima aliyetuambia tumejificha nyuma ya nini.

Mgeni amekaa kwetu siku tisa kumi akaondoka na rubani wetu, nguzo yake ina bango barabara nzima. Wenyeji nguzo zao hata mshale wa kuelekeza hakuna. Jamani hili haliwaumi, au ni mimi na jua?

NahodhaMstaafu

Linauma, binti. Na rubani mwenyewe alikuwa Ahmad bin Majid, bingwa wa bahari, tukamtoa bure.

MchimbaMagofu

Mzee wangu @NahodhaMstaafu, shikamoo, kwa hilo nitakupinga kwa heshima. Habari ya Ibn Majid ni maarufu, ila watafiti wengi wameiacha. Mwandishi mmoja Mreno wa karne ya 16 anamwita rubani yule "Malemo Cana", Mwislamu wa Gujarat. Na hapo Waswahili tuna raha yetu: "malemo" si jina, ni "mwalimu". Ndivyo walivyoitwa waongoza vyombo. Mreno alisikia watu wakimwita mwalimu, akaandika kama jina la mtu.

Waliondoka Malindi 24 Aprili 1498, na Mei hiyohiyo wakawa Calicut.

Na kuhusu nguzo: kumbukumbu za safari ile zinaonyesha Vasco aliomba kuiweka aliporudi Malindi Januari 1499, iwe alama ya urafiki. Mwanzoni ilikuwa mjini, karibu na kwa mfalme. Msalaba mbele ya Waislamu, mnaelewa. Baadaye ndiyo ikahamishiwa kule jabalini. Kwa hiyo hata wenyeji wa wakati ule walikuwa na maoni kama yako, dada.

NahodhaMstaafu

Nimekubali nusu. Hiyo ya "mwalimu" imenipendeza. Babangu alikuwa akisema hivyohivyo, mwalimu wa jahazi, na hakuwahi kushika chaki.

Mvita_Hai

Naingia kama mtu wa Mombasa. Malindi mlimkaribisha Mreno kwa sababu mlikuwa hampatani na sisi, semeni kweli 😂 Na tulilipia. Walipojenga Ngome ya Yesu kuanzia 1593, wakamleta na mfalme wenu kukalia kiti cha Mombasa.

MchimbaMagofu

@Mvita_Hai kweli tupu, ila angalia nani aliyeumia. Mfalme akahamia Mombasa, Wareno wakahamia Mombasa, biashara ikawafuata, Malindi ikabaki vichaka. Mji haukusimama tena mpaka miaka ya 1860, Zanzibar ilipofungua mashamba ya nafaka huku, kwa jasho la watumwa. Hapo msikitini anaposimulia @MtotoWaShela, wazee husema ndipo pia palipokuwa na mnada wa watu, hadi marufuku ya 1873. Michezo ya kombolela ilichezwa juu ya mambo mengi.

MtotoWaShela

Hilo la mnada sikulijua. Naliweka hapa kwanza, sitalijibu leo.

Kadzo_wa_Marafa

Msisahau twiga. 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa Uchina twiga mzima mzima kwa meli. Nani leo anaweza kupandisha hata mbuzi kwenye matatu bila ugomvi?

BudaWaSouthB

Manze twiga alikaa aje kwa meli? Shingo je?

NahodhaMstaafu

Alikaa vizuri kuliko wewe kwenye daraja la kawaida.

Zuhura_254

Swali la dada kwa dada. Peke yako, mwanamke, hukusumbuliwa? Mimi natamani sana lakini naogopa.

MtotoWaShela

@Zuhura_254 mpenzi, mbali na wale wa ciao hakuna aliyenisumbua. Mchana, mjini, umevaa kistaarabu, watu wana shughuli zao. Saa iliyonitia wasiwasi ni ile ya kumi alfajiri Miritini, kabla ya kupanda matatu. Nilikaa ndani kwenye mwanga hadi nilipoona kina mama wawili wenye mabegi wanaelekea Malindi, nikawafuata kama kifaranga. Fanya hivyo. Na kula usione haya. Niliingia hoteli moja ndogo Majengo, nikaagiza wali wa nazi na samaki wa kupaka, meza nzima yangu. Mhudumu akauliza, "Unamngoja mtu?" Nikasema hapana. Akaniletea ndimu mbili badala ya moja. Sijui ilikuwa huruma au heshima, nilizikamua zote.

Bi_Kaimati

Umekula hotelini. Mtoto wa Shela. Hotelini.

MtotoWaShela

Bi Kaimati naomba uketi, ndiyo sehemu inayofuata.

Saa nane na nusu nimemaliza kila kitu. Kanisa la Wareno nimeliona, dogo, paa la makuti, makaburi kuzunguka. Ndilo lile ambalo mmisionari Francis Xavier alipita 1542 akazika mtu wake njiani kwenda Bara Hindi. Dakika kumi zinalitosha. Nikasema nisirudi Nairobi mikono mitupu, nikapinda uchochoro wa sokoni kununua halwa. Muuzaji ni yuleyule tangu utotoni, ila ndevu sasa nyeupe. Nina miwani. Nina leso hadi nyusi. Nimebadilisha na sauti, nimesema Kiswahili cha Nairobi, "Nipatie halwa ya mia mbili tafadhali."

Akachota. Akapima. Akaongeza kipande. Hakuniangalia usoni hata mara moja. Akasema, "Mwendo wa mamako huo. Nimekuona tangu kule kona."

Wallahi nilitamani ardhi ipasuke.

Akanimiminia kahawa chungu kwenye kikombe kisicho na mkono, akasema, "Shangazi yako kapita hapa sasa hivi, kanunua tangawizi. Ukikaza mwendo utampata." Nikamweleza ukweli, kwamba nimekuja mara moja, nina treni, sijamwambia mtu. Akatikisa kichwa polepole. "Mie sisemi," akasema.

Watu wa Malindi mnacheka. Najua mnacheka.

Mvita_Hai

"Mie sisemi" 😂😂😂 kwisha habari yako. Hiyo ndiyo redio yenyewe.

DerevaWaNjiaNne

Dada nina swali la kikazi. Ulitoka Malindi saa ngapi na ulifikaje Miritini kabla ya saa nne? Maana Jumamosi jioni Mtwapa najua mimi.

MtotoWaShela

@DerevaWaNjiaNne umegusa kidonda. Nilipanda matatu saa tisa na nusu, nikajiona mwerevu. Hadi Kilifi raha. Kutoka hapo ule upanuzi wa barabara, matuta, vumbi, lori moja limekaa katikati kama bi harusi. Mtwapa tulisimama mpaka watu wakaanza kuuza mabuyu dirishani, wakamaliza, wakaleta viazi karai. Saa mbili kasoro bado niko Bombolulu. Nikashuka, nikachukua boda hadi Changamwe, nimekumbatia halwa kama mtoto mchanga, kisha tuktuk hadi Miritini. Nimeingia getini saa tatu na nusu, viatu mkononi. Askari akaniambia, "Mama, bado kuna wakati, vaa viatu." Mama!

DerevaWaNjiaNne

Sasa chukua elimu ya bure. Mwenye treni ya Miritini akitoka Malindi asiende Mtwapa kabisa. Shukia Kilifi. Ukishavuka daraja uko Mavueni, na hapo kuna barabara ya lami ya kupandia Kaloleni. Inapita minazini juu, unatokea Mazeras kwenye barabara kuu ya Nairobi, na kutoka Mazeras kuteremka Miritini ni karibu. Kibaya chake ni kimoja: matatu za njia hiyo si nyingi, giza likiingia zinapungua. Kwa hiyo Kilifi uwe umefika saa kumi jioni, si zaidi. Na ukiwa na muda, njiani kuna Rabai, kanisa la misheni aliyoanzisha mmisionari Krapf 1846, usimame.

MtotoWaShela

Ungekuwa wapi Jumamosi, kaka yangu!

Zuhura_254

Kwani kwa nini reli haikupelekwa Malindi tangu zamani? Miaka yote hii?

DerevaWaNjiaNne

Mwingereza alipoanza Mombasa 1896 alikuwa na haraka ya kufika ziwani, akafika Kisumu 1901. Alijenga kuelekea alikotaka kufika. Sisi wa kandokando ya bahari alijua tuna majahazi.

MwanaAmu

Nyinyi wa Malindi mnalia na reli. Sisi wa Amu, yaani Lamu, reli tumeahidiwa kwenye makaratasi, itoke bandarini iende Isiolo. Gati la kwanza la meli lilifunguliwa 2021, tumeliona. Reli tunaiona ndotoni. Mpaka leo cha kupanda ni punda.

@MtotoWaShela ukitaka kuja Amu kwa mtindo wako huo wa siku moya, sahau. Kutoka Malindi ni Garsen, Witu, vizuizi vya askari, mpaka Mokowe, kisha boti. Ukifika mui ushalala. Na ndia zetu zilivyo nyembamba, hakuna leso itakayokuficha, utamgonga shangazi wa mtu kwa bega.

MtotoWaShela

Mwana Amu, ahsante, nimekuelewa. Amu nitakuja na begi.

BudaWaSouthB

Hesabu mkuu. Ilikucost ngapi yote?

MtotoWaShela

Treni kwenda na kurudi 3,000. Matatu, tuktuk, boda ya dharura, viingilio, mahamri, samaki na halwa, nikijumlisha ilikaribia elfu sita. Boda ile ndiyo iliyoniumiza, lakini ningelipa hata mara mbili.

Bi_Kaimati

Mwanangu nimengoja tangu asubuhi. Shangazi je?

MtotoWaShela

Bi Kaimati, hukumu hii hapa.

Jumapili asubuhi nimeteremka Syokimau, shingo imepinda, simu nikaiwasha. Simu kumi na nne ambazo sikuzipokea. Nane za mamangu, sita za shangazi. Nikavuta pumzi nikampigia shangazi kwanza. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Ameniacha nikamsalimia, nikamuuliza hali, nikamweleza habari ya Gede na kidaka cha bibi, nguzo, kombolela, kila kitu, nikasema na sauti ya kitoto ili anihurumie. Alisikiliza yote. Kwenye kidaka akaguna kidogo, akasema kumbe bado unakumbuka kopo la mafuta.

Halafu akauliza swali moja tu: "Ulikula wapi?"

Nikamwambia.

Akakata simu.

Nimekata tiketi ya Ijumaa ijayo. Ya kurudi ni Jumatatu. @DerevaWaNjiaNne niandikie tena vizuri ile ya Kaloleni, na Bi Kaimati naomba uniambie, mtu akienda kuomba radhi kwa shangazi abebe nini kutoka Nairobi ambacho Malindi hakuna?

Bi_Kaimati

Beba tumbo tupu.